Usimbuni mama asiyekuwapo: jibu kwa mwandishi anayefuata habari ya sumu

Swali

"Mimi ni mwandishi wa redio ya jamii katika mji mmoja wa pwani. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikienda mtaa fulani ambako betri kuukuu za magari huvunjwa na madini yake ya risasi kuyeyushwa. Nimezungumza na akina mama kama kumi hivi. Watoto wao wanaumwa matumbo, wamedhoofika, wengine wamechelewa kusema. Gazeti limenikubalia makala ndefu, na mhariri anataka isomeke kama hadithi. Shida ni kwamba hakuna mama hata mmoja mwenye habari kamili. Huyu ana majibu ya damu lakini hataki kutajwa, yule anasimulia vizuri lakini hana karatasi yoyote. Nafikiria kuwaunganisha wote wawe mama mmoja, nimpe jina, habari iwe moja. Je, naruhusiwa? Na takwimu nizifanyeje zisimchoshe msomaji? Na nitaimalizaje habari ambayo yenyewe haijaisha?"

Jibu

Hapana, usiwaunganishe. Nimelitanguliza jibu kwa sababu maswali yako mengine mawili yanaegemea hapo, na kwa sababu kishawishi chenyewe nakielewa. Una habari kubwa mkononi, imegawanyika katika vinywa kumi, na mhariri anataka mtu mmoja ambaye msomaji atafuatana naye toka mwanzo hadi mwisho.

Fikiria siku ya pili baada ya makala kutoka. Mwenye tanuri atatuma mtu mtaani amtafute huyo mama. Atakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, au kwa chifu kama uko Kenya, aulizie jina, aulizie nyumba, aambiwe hayupo. Hapo hatakuwa tena na haja ya kujibu lolote kuhusu moshi wala udongo. Atawaita waandishi wenzako awaambie kwamba habari nzima ni ya kutunga, na akina mama kumi walio hai, wenye watoto wanaoumwa kweli, watakuwa wamefutwa pamoja na yule ambaye hakuwahi kuwapo. Habari za uchafuzi zina udhaifu huu kuliko habari nyingi nyingine: madhara yake ni mepesi kukanwa. Mtoto kuumwa tumbo kuna sababu mia, kudhoofika kuna sababu mia. Anayetaka kukana anatafuta ufa mdogo tu, nawe utakuwa umemfungulia mlango.

Haya yamewahi kuwapata waandishi wakubwa. Rachel Carson, mwanabiolojia wa Marekani, alichapisha uchunguzi wake juu ya DDT na dawa nyingine za kuua wadudu katika jarida la The New Yorker mwezi Juni 1962, na kitabu kizima, Silent Spring, kikatoka Septemba mwaka huohuo. Sura ya kwanza ni kisa cha mji usio na jina, mji ambao ndege wamenyamaza, kuku wanataga lakini vifaranga havianguliwi, maua ya mitofaa hayana nyuki. Mwishoni mwa sura ile fupi Carson mwenyewe anamwambia msomaji wazi kwamba mji huo haupo, ila kila balaa lililotajwa limekwisha kutokea mahali fulani. Alisema kweli, tena alisema papo hapo. Hata hivyo wapinzani wake walizing'ang'ania zile kurasa chache kuliko mamia yaliyofuata. Oktoba 1962 kampuni ya kemikali ya Monsanto ilichapisha katika jarida lake dhihaka ya sura hiyohiyo, ikichora nchi iliyoliwa na wadudu kwa kukosa dawa. Kilichomwokoa Carson hakikuwa kile kisa. Ni kurasa zaidi ya 50 za marejeo alizoziweka mwisho wa kitabu, na hoja ambazo kamati ya wanasayansi wa Rais Kennedy ilipozichunguza, ripoti yake ya Mei 1963 iliziunga mkono kwa sehemu kubwa. Carson alikuwa akiugua saratani muda wote huo, na alifariki Aprili 1964. Wewe katika makala ya gazeti huna kurasa 50 za kukulinda. Huna nafasi ya mji wa kubuni, wala ya mama wa kubuni.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na sitaki kuukwepa kwa kuwa unaweza ukatajiwa na mtu anayekutetea. Katika mji wa Minamata, kusini mwa Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilitumia zebaki kama kichocheo cha kutengeneza asetaldehaidi, kemikali ya viwandani, kuanzia 1932, na maji taka yake yakaingia ghubani. Zebaki ikaingia kwenye samaki na kome, kisha kwenye paka, kisha kwa wavuvi na watoto wao, hata waliokuwa bado tumboni. Ishimure Michiko, mwanamke wa mji huohuo, aliandika juu ya wagonjwa hao kitabu kilichotoka 1969. Ndani yake mna ripoti za madaktari, kumbukumbu za mikutano, na pia sauti za wagonjwa wakizungumza kwa lahaja ya kwao, maneno yanayomkaba msomaji koo. Wengi waliamini zile sauti zimenakiliwa kutoka kwenye mahojiano. Baadaye mhariri na rafiki yake, Watanabe Kyoji, alieleza kwamba sivyo: Ishimure aliyaandika maneno aliyohisi wagonjwa wanayasema mioyoni mwao. Kitabu kilipotunukiwa tuzo ya maandishi yasiyo ya kubuni mwaka 1970, aliikataa.

Nakiheshimu mno kitabu kile, na sina shaka kwamba kiliifanya Japani iwatazame watu iliokuwa haitaki kuwatazama. Lakini ni fasihi, na mwandishi wake aliishi na watu wale miaka mingi, akaandamana nao, akaketi nao mbele ya ofisi za kampuni. Ukitaka kuandika riwaya ya mtaa wako, iandike, na jaladani waweke neno riwaya. Aliyenunua gazeti ameahidiwa kitu kingine, nayo ahadi hiyo huna mamlaka ya kuivunja kwa niaba ya akina mama ambao hawakukutuma.

Sasa, utaishikaje habari iliyogawanyika katika vinywa kumi? Nadhani umekosea mahali pa kutafuta mhusika mkuu. Unamtafuta kati ya akina mama, na kwa sababu hakuna aliye na habari kamili, unataka kumuumba. Mhusika anayepita katika habari yako yote, kuanzia gereji hadi kwenye damu ya mtoto, ni risasi yenyewe. Ifuate hiyo. Kila mtu ataingia mahali anapopajua yeye, aseme analolijua, kisha ampishe mwingine.

Iangalie njia yake, maana ina utajiri kuliko mhusika yeyote ambaye ungembuni. Betri ya gari inachoka, fundi anaitupa kando, mnunuzi wa vyuma chakavu anaipima kwa kilo. Inafika uwanjani. Kijana anaipasua kwa shoka au nyundo, anamwaga maji ya betri chini, na maji hayo ni asidi iliyochanganyika na risasi. Anachomoa mabamba, yanaingia tanurini. Moshi unapanda, unatua kwenye mabati, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye udongo wa uani. Udongo unaingia katika viganja vya mtoto anayetambaa, na viganja vinaingia mdomoni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi bado. Kwa hiyo njaa ya mtaa ule ni sehemu ya habari yako. Ndani ya mwili risasi hupokewa kana kwamba ni kalsiamu: inakaa katika meno na mifupa, huko inaweza kudumu miongo. Msichana aliyeimeza utotoni akija kubeba mimba, mifupa yake inaitoa tena na kumpa kijusi pamoja na kalsiamu. Hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Katika safari hiyo umeshapata nafasi ya karibu kila mtu uliyezungumza naye, na ya wengine ambao pengine hukuwafikiria. Kijana wa shoka anaijua kazi kuliko daktari yeyote. Muulize anavaa nini, na nguo zile anazifua nani. Mfanyakazi hupeleka vumbi nyumbani kwa nguo na viatu bila kujua, na mkewe au mama yake anayekung'uta ovaroli kabla ya kuiloweka yumo katika habari hii hata kama nyumba yao iko mbali na tanuri. Keti siku nzima uone ufuaji huo, andika maji yanamwagwa wapi. Tafadhali usimfanye kijana yule kuwa adui. Anakula kwa kazi ile, na huenda akakwambia kwamba tanuri likifungwa hana pengine pa kwenda. Maneno hayo yaweke ndani. Makala inayomficha anayefaidika kidogo na sumu inamdanganya msomaji kuhusu kwa nini sumu inadumu.

Yule mama mwenye majibu ya damu asiyetaka kutajwa, mwache bila jina na umwambie msomaji hivyo: ameomba asitajwe, karatasi umeiona kwa macho yako, ina tarehe fulani na kipimo fulani. Inatosha. Usimpe jina la bandia lenye kufanana na la jirani. Yule anayesimulia vizuri bila karatasi, mwache asimulie, na useme mtoto wake hajapimwa. Msomaji hatamdharau. Atauliza kwa nini hajapimwa, na swali hilo linaelekea kwa mganga mkuu wa wilaya badala ya kwa mama.

Ila nina shaka kama kweli hana karatasi yoyote. Muulize kadi ya kliniki ya mtoto. Karibu kila mama anayo, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Mle mna uzito wa mtoto mwezi baada ya mwezi, kwa mwandiko wa muuguzi, pamoja na chanjo na maradhi aliyopelekewa. Ziweke kadi kumi mezani, uangalie mistari ya uzito inapinda lini, na ulinganishe na mwaka ambao tanuri lilianza au liliongeza kazi. Usiandike kwamba mstari uliopinda ni ushahidi wa risasi, kwa sababu sio. Malaria, minyoo na chakula haba huupinda vilevile. Kadi inakupa kitu kingine ambacho waandishi wa uchafuzi hukikosa, nacho ni wakati.

Nalisisitiza hili la wakati. John Hersey alipoandika juu ya watu sita walionusurika bomu la atomiki la Hiroshima, makala iliyojaza toleo zima la The New Yorker la tarehe 31 Agosti 1946, alikuwa na asubuhi moja na mwanga mmoja ambao kila mtu aliuona. Wewe huna. Sumu ya mtaani haina siku ya kuanguka. Rob Nixon, mwalimu wa fasihi aliyezaliwa Afrika Kusini, ameuita uharibifu wa namna hii ukatili wa polepole katika kitabu chake cha 2011, na akaonyesha kwamba unatupita kwa sababu kamera na magazeti vimezoea tukio. Kwa hiyo inabidi utafute kitu kinachorudi: siku ya kliniki, siku ya kuwasha tanuri, masika yanayosukuma udongo wa uwanja hadi vibarazani. Jenga makala juu ya mirudio hiyo, msomaji ataiona miaka ikipita bila wewe kumwambia miaka inapita.

Naja kwenye takwimu. Zinachosha zinapopangwa upande mmoja na watu upande wa pili, ripoti ikiisha ndipo maisha yaanze. Rudi kwa Carson, safari hii katika sehemu ambayo hakubuni hata neno. Anaeleza Clear Lake, ziwa la California lililokuwa na visubi wasiouma ila wanakera wavuvi na wenye nyumba za mapumziko. Likanyunyiziwa DDD, dawa ya jamii ya DDT, mwaka 1949, tena 1954, tena 1957, kwa kipimo kidogo sana. Vibisi, ndege wa majini wanaotaga kwenye viota vinavyoelea, wakaanza kufa. Katika maji dawa ilikuwa sehemu 0.02 kwa milioni. Katika planktoni, viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, 5. Katika samaki wanaokula planktoni, 40 hadi 300. Katika mafuta ya vibisi waliokufa, 1,600. Na muda mfupi baada ya kunyunyiza mara ya mwisho, majini hakukuonekana tena dalili ya dawa; ilikuwa imehamia miilini. Ona namba zinavyotembea: kila moja iko mahali pake katika mlolongo, na inayofuata inakutisha kwa kuwa umeishika iliyotangulia. Wewe una tanuri, udongo, vumbi la sakafuni, damu. Ukiweza kupata kipimo kimoja kimoja cha kila kituo, vipange kwa njia inayopitiwa na sumu, usivirundike kwenye kisanduku pembeni.

Na kila namba ipe mwenza wa kulinganisha. Kwa damu, Shirika la Afya Duniani linasema mtoto akifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Akifika 45, apewe dawa za kuitoa risasi mwilini. Msomaji akiyajua hayo mawili tu, majibu yoyote utakayomwonyesha atayasoma mwenyewe. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi wa watoto 328 waliopimwa karibu na dampo la Dandora, Nairobi, na nusu yao walikuwa na 10 au zaidi. Utaona kwamba idadi inaeleweka kwa kuwa ina watoto na mahali ndani yake.

Pima pia udongo. Usitegemee vipimo vya mwenye tanuri wala vya wanaharakati peke yao. Nenda chuo kikuu kilicho karibu, idara ya kemia au sayansi ya mazingira, uwaeleze unachotaka. Chukua sampuli mbele ya mashahidi, andika sehemu na saa, na uchukue nyingine kutoka mtaa wa mbali wa kulinganisha. Bila huo wa mbali utaambiwa mji mzima ndivyo ulivyo, maana petroli yenye risasi iliuzwa kwetu hadi katikati ya miaka ya 2000.

Mhariri wako akisema "isomeke kama hadithi", huenda anadhani ustadi huo tumeuazima Marekani. Sisi tunao wa kwetu. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alipotunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, aliandika habari ya siku zake mwenyewe, vita vya Wajerumani kuitwaa pwani, yenye Pangani na Bagamoyo, Abushiri na Bwana Heri, watu na miji ambayo wasikilizaji wake waliijua. Wasimulizi wa Safari za Wasuaheli, zilizochapishwa 1901, walieleza njia, bei, njaa na maradhi waliyoyaona. Waliandika kwa mvuto bila kuacha kutaja mahali. Na watu wa pwani wanajua tangu madrasa kwamba neno zito huletwa pamoja na mnyororo wa waliolipokea, fulani kutoka kwa fulani. Andika hivyo. "Jirani yake anasema," "daftari la zahanati linaonyesha," "barua ya tarehe fulani inataja." Mnyororo huo haupunguzi ladha ya simulizi. Msomaji wa Kiswahili huutegemea, na ukikosekana hushtuka.

Kuhusu nyaraka, nakusihi uzitafute kwa bidii ileile uliyowatafutia akina mama. Tukio zito kuliko yote katika habari ya Minamata limetoka kwenye rekodi za majaribio. Dokta Hosokawa Hajime alikuwa mkuu wa hospitali ya kampuni yenyewe, na ndiye aliyewaarifu wakuu wa afya juu ya ugonjwa usiojulikana tarehe 1 Mei 1956. Alianza kulisha paka maji taka ya kiwanda. Oktoba 1959 paka aliyeandikwa namba 400 aliugua sawasawa na wavuvi. Kampuni haikutangaza, majaribio yakazuiwa, na zebaki iliendelea kumiminwa hadi 1968. Hosokawa alikuja kutoa ushahidi wake mwaka 1970, akiwa kitandani anaugua saratani, miezi michache kabla ya kufa. Hakuna mtunzi ambaye angethubutu kumweka paka yule katika riwaya. Alikuwa kwenye kumbukumbu tu, akingoja mtu azisome.

Kumbukumbu za namna hiyo na mtaa wako unazo. Tanuri lilifanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira? Leseni ilitolewa lini, na mkaguzi alipokwenda aliandika nini? Kenya ina kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya kupata taarifa ya 2016. Tanzania nayo ina sheria yake ya kupata taarifa ya mwaka huohuo. Peleka maombi kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, ukimya wao wenye tarehe ni sehemu ya makala. Mwenye tanuri naye mwandikie maswali yako yote kabla ya kuchapisha, mpe siku za kutosha, na jibu lake uliweke mahali linapoonekana.

Sasa idhini, na hapa nataka uende taratibu. Wapiga picha W. Eugene Smith na mkewe Aileen waliishi Minamata kuanzia 1971. Desemba mwaka huo walipiga picha ya mama akimwogesha binti yake aliyezaliwa na ulemavu wa zebaki. Wazazi walikubali, picha ikatoka katika jarida la Life Juni 1972, na ulimwengu ukaijua Minamata kupitia mwili wa msichana yule. Alifariki 1977, akiwa na miaka 21. Miaka ikaenda, picha ikaendelea kuzunguka vitabuni na kwenye mabango, na wazazi wakatamani mtoto wao apumzike. Mwaka 1998 Aileen aliwakabidhi uamuzi juu ya picha ile. Idhini ya leo ina uzito wa leo. Mtoto unayemwandika sasa hawezi kukupa idhini, na akifika miaka 20 jina lake litakuwa bado mtandaoni pamoja na maneno kwamba akili yake iliguswa na risasi, mbele ya mwajiri na mbele ya wakwe. Huko Minamata familia za wagonjwa zilitengwa hata katika ndoa. Kwa hiyo jina la mtoto usiliandike kabisa, wala picha ya uso wake, hata mama akiwa radhi. Na kabla rasimu haijaenda kwa mhariri, mrudie kila mama umsomee sehemu inayomhusu, kwa sauti, maana wengine hawasomi au wataona haya kusema hawasomi. Akisema sentensi fulani itamponza kwa mumewe au kwa mwenye nyumba, iondoe.

Swali lako la mwisho lina jibu karibu kabisa na kwenu. Owino Uhuru ni mtaa wa Mombasa wenye wakazi wapatao 3,000, uliopakana ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kile mwaka 2009 mwanawe mchanga alipougua, na muda ulipita kabla ya risasi kuonekana katika damu yake. Aliacha kazi, akawakusanya wakazi, akakamatwa katika maandamano ya 2012 na baadaye mahakama ikamwachia. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2015 akapata tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwandishi angeweza kuishia hapo, na wengi waliishia hapo. Kesi ilifunguliwa 2016. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, nyingi yake ikielekezwa kwa taasisi za serikali zilizoshindwa kusimamia, na ikaamuru mtaa usafishwe. Hapo pia makala nyingi zilifungwa kwa vigelegele. Juni 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Miaka kumi baada ya tanuri kuzimwa, wazazi wa Owino Uhuru walikuwa bado mahakamani, na watoto waliokuwa wakitambaa walikuwa wamefika sekondari. Risasi haiozi. Kuzimwa kwa tanuri hakuitoi uani wala mfupani. Kwa hiyo usitafute hukumu, tuzo wala ahadi ya waziri ya kufungia makala yako. Funga kwa mambo uliyoyahakiki mwisho na tarehe zake: udongo ulipimwa siku fulani ukaonyesha kiasi fulani, watoto kadhaa wamepimwa na kadhaa bado, barua iko ofisi fulani tangu siku fulani bila jibu, tanuri linawashwa au haliwashwi.

Na mwambie mhariri, kabla hajachapisha hii, kwamba unahitaji nafasi ya pili miezi 6 baadaye na ya tatu mwaka ukitimia, za kuripoti nani amepimwa na nani amejibu. Akikubali, wajulishe akina mama tarehe hizo. Akikataa, redio yako ya jamii unayo, na wao ndio wasikilizaji wake.